Fundi wa Swali la Kwanza

Kwanza tuelewane: hakuwa fundi wa kushona. Ukimpelekea kitambaa alikuwa anakurudishia na kukuelekeza mlango wa pili. Yeye alitengeneza vyerehani vyenyewe, vile vya kukanyaga kwa mguu na vile vya umeme, na kwa miaka thelathini na mitano karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, benchi lililolowa mafuta, na makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa skrubu, kila kopo na saizi yake. Watu walimwita Fundi, mkewe akiwemo, na wajukuu walimwita Babu Fundi kana kwamba ndilo jina la ukoo.

Mlango wa nne kutoka karakana palikuwa na duka la vitabu. Duka la mtu binafsi, si tawi la kampuni yoyote, na meza kubwa ya kamusi ikiwa katikati, wakiingia wateja saba, wa nane anabaki nje. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vitabu, ingawa watoto aliokuwa nao ni hao tu waliojipanga kwenye rafu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi alasiri, alisukuma meza ya kamusi ukutani, akapanga viti ishirini na viwili vya aina sita tofauti, akamwalika mwandishi aje asome kitabu chake na kuzungumza na watu.

Fundi aliingia humo mara ya kwanza kwa sababu ya mvua, wala tusimpambe. Alikuwa anatoka kumrudishia mteja cherehani, mvua ikamkamata njiani, akajibanza mlangoni mwa duka. Mama Vitabu akamvuta ndani, akamkalisha. Ilikuwa siku ya kwanza kabisa ya shughuli hizo, na watu walikuwa watano ukimhesabu na mama mzazi wa mwandishi. Mwandishi, jibaba zima lenye ndevu, alisoma kurasa kumi kwa sauti ya kutetemeka, akafunga kitabu. Mama Vitabu akasema, "Haya jamani, maswali?"

Ukimya ulioshuka pale Fundi hakuusahau. Watu waliangalia viatu vyao. Mama mzazi alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Yule jibaba akaanza kukunja karatasi zake polepole, kama mtu aliyefukuzwa kazi anayekusanya vitu vyake mezani. Sasa Fundi, katika maisha yake yote, hakuweza kukaa mbele ya cherehani kilichogoma bila kukigusa. Akajikuta anasema, "Samahani bwana. Hiki kitabu ulikiandika umekaa au umesimama?"

Watu wakacheka. Mwandishi naye akacheka, halafu akasema kwa kweli alikiandika amesimama, juu ya friji, kwa sababu nyumba ilikuwa na meza moja na hiyo meza ilikuwa ya watoto ya kufanyia kazi za shule. Kutoka kwenye friji akaingia kwa watoto, kutoka kwa watoto akafika kwa baba yake ambaye ndiye aliyekuwa ndani ya kitabu, na robo saa baadaye mikono minne ilikuwa juu, mmojawapo wa mama mzazi.

Jumatatu Mama Vitabu alitokea karakana.

"Baba, nimekuja kukupa kazi. Mshahara hakuna."

"Hiyo ndiyo kazi ninayoijua," Fundi akasema. "Kazi gani?"

"Swali la kwanza. Kila mwezi. Watu wana maswali tumboni, tatizo ni nani aanze. Wewe utaanza, wengine watafuata."

"Mimi sisomi vitabu, binti yangu. Nasoma namba za sindano."

"Nitakuazima."

Na kweli alimwazima, ila alimwazima vibovu. Kila boksi kutoka kiwanda cha uchapaji halikosi nakala moja iliyoharibika: kurasa zimegeuzwa kichwa chini, au zimejirudia, au hazipo kabisa. Nakala hizo haziuziki, basi zikawa za Fundi. Alizisoma karakana wakati wa kusubiri mafuta yaingie kwenye vyuma, mikono ameiosha kwa sabuni mara mbili, na alama yake ya kurasa ilikuwa kipande cha kitambaa chekundu.

Ubovu huo ulimletea aibu moja tu kubwa, na hata hiyo aibu ilimgeukia mwingine. Alikuja mwandishi mzito, mwenye suti kamili kwenye joto la kukausha matofali, na Fundi akamuuliza, "Mbona umemwacha yule bwana kisimani, ndoo inaning'inia, na sisi tunabaki hatujui kama alichota maji au hakuchota?" Mwandishi akafumba macho. Akaeleza kwa dakika ishirini kwamba maisha hayana mwisho, na kwamba ndoo ni lazima ining'inie. Watu wakapiga makofi. Jumatatu Mama Vitabu alikuja karakana anacheka mpaka machozi, nakala nzima mkononi. Baada ya kisima kulikuwa na kurasa kumi na sita zaidi. Bwana yule alichota maji, akaoa, na akafungua hoteli.

Kwa miaka tisa Fundi hakukosa hata mwezi mmoja. Akajitungia na masharti ya kazi. Swali la kwanza liwe fupi. Lisiwe la kumsifu mtu wala la kumpima. Liwe kuhusu kitu cha kushikika, mlango, kiatu, sufuria, kitu ambacho mwandishi anaweza kujibu kabla hajaanza kujiona. Alisema ni tone la mafuta tu: halishoni nguo, linafanya gurudumu lizunguke. Waandishi walitoka mbali wakiwa wameshasikia habari zake, wakaulizana kwa wasiwasi, "Yule mzee wa swali yupo?"

Mkewe yeye hakuwahi kukanyaga dukani. Alikuwa mwanamke mwenye maneno yake, na maneno yake yalikuwa mengi. "Watu wazima na mvi zenu mnakwenda kusomewa kama chekechea," alikuwa akisema. Lakini jioni, yeye akikatakata mboga jikoni, Fundi alivuta kigoda akakaa mlangoni na kumsimulia kitabu cha mwezi ule kutoka mwanzo, na sauti za watu akaziigiza. "Usinisumbue na watu wako wasiokuwepo," mke angesema. Halafu kesho yake, bila kugeuza uso kutoka kwenye sufuria: "Na yule mjane, shamba lake alirudishiwa?" Ukipiga hesabu, mama yule alikuwa amevisikia vitabu zaidi ya mia moja bila kufungua hata kimoja.

Na sauti ya Fundi ilikuwa sauti kweli. Nzito, ya kutoka chini ya kifua, na kicheko chake kilivuka kuta. Kilivuka ukuta mmoja hasa, zamani, msichana mmoja akiwa anafua upande wa pili. Msichana akaacha kufua. Akamwambia dada yake, "Huyu anayecheka, sura yake siijui, lakini mimi basi tena." Hadithi hiyo aliirudia kwenye kila arusi ya kila mtoto wao, na kila mara Fundi aliangalia pembeni kwa haya huku anafurahi mpaka masikioni.

Halafu sauti ikaanza kukwaruza. Akasema ni vumbi la nyuzi. Miezi ikapita, akasema ni mafua. Mkewe akasema mafua gani haya yenye umri wa kutembea, akamshika mkono kama mtoto mtoro akampeleka hospitali. Daktari alikuwa mtu mkweli: kuna kitu kooni, kitaondolewa, na kikiondolewa kitaondoka na sauti. Wakakiondoa. Ugonjwa uliisha, tena uliisha vizuri. Daktari alisema kitakachobaki ni mnong'ono, na kwamba akiuzoea utamfaa kwa mtu aliye karibu.

Fundi aliujaribu mnong'ono huo mara moja, karakana, mlango umefungwa. Alitamka jina la mkewe. Kilichotoka kilikuwa upepo wa tairi la baiskeli lililochomwa na mwiba. Palepale kwenye benchi akakata shauri: mtu mwingine yeyote akitaka ausikie, lakini mke wake, yule msichana wa nyuma ya ukuta, hatausikia kamwe. Bora akumbuke ile ya zamani. Ukiniuliza mimi nitakwambia ulikuwa ujinga, lakini ulikuwa ujinga wa mapenzi, na huo hautibiki kwa kuambiwa.

Basi akaanza kuandika. Alikata maboksi ya nyuzi vipande vidogo, akaweka kalamu sikioni, na mambo yote ya nyumba yakawa ya boksi. *Chai. Nimetoka. Funguo ziko dirishani. Asante.* Alipenda kuandika *asante*, aliona inatosha. Kigoda cha mlangoni mwa jikoni kikabaki kimesimama peke yake. Mkewe mwanzoni alizungumza kwa niaba ya wote wawili, akiuliza na kujijibu. Baadaye akapunguza. Baadaye zaidi hata kugomba akaacha, akawa anasoma kipande cha boksi, anakigeuza aone kama nyuma kuna kitu, anakiweka mezani. Mwanamke yule kuacha kugomba haikuwa dalili nzuri, na Fundi aliiona, ila alidhani anaombolezewa sauti. Hakujua kwamba mkewe alikuwa anajiuliza kama mtu aliyerudi kutoka hospitali bado ni mumewe.

Dukani hakurudi. Angeenda kufanya nini? Mama Vitabu aliendelea kumletea nakala mbovu kila mwezi, akiziacha nyumbani bila kumsumbua, na Fundi aliendelea kuzisoma kwa sababu mazoea hayana koo. Kitu kimoja kilimshangaza: alama yake nyekundu ilikuwa inahama. Aliiacha ukurasa wa arobaini, akaikuta wa thelathini na nane. Akasema moyoni, haya, sauti imeondoka, sasa kumbukumbu nayo inafunga virago.

Jumapili moja, mwezi wa tano tangu hospitali, Mama Vitabu alikuja nyumbani na hakuacha kitabu mlangoni. Aliingia, akakaa, akakubali chai, akakataa, akakubali tena.

"Baba, mambo yangu yameharibika," alisema. "Tangu umeacha kuja nimefanya shughuli tano. Ya kwanza mwalimu mstaafu alisimama, akasema hana swali ila ana maoni, na maoni yake yalimaliza muda wote. Mwezi uliopita hakuna aliyesema kitu. Hakuna kabisa. Mwandishi alishukuru watu, akaenda kusimama nyuma ya rafu ya vitabu vya shule, nikamkuta analia. Mtu mzima mwenzangu."

Fundi alitikisa kichwa kwa huzuni.

"Jumamosi anakuja binti, karani wa posta. Anapima vifurushi mchana kutwa, na kitabu ameandika nyuma ya fomu zilizoharibika. Cha kwanza. Kila siku ananipigia simu anataka kughairi. Huyu ukimya ule ukimshukia, mimi namjua, hataandika tena. Naomba uje."

Fundi akachukua kipande cha boksi. *Nitaandika swali. Usome wewe.*

"Nikisoma mimi mwenye duka, atajua namhurumia. Linatakiwa litoke kwenye viti, baba. Kwa watu."

Fundi akakigeuza kipande kile mkononi. Mambo yalikuwa yamefika hapo. Alitamani sana kwenda, na hakuona njia. Ndipo kutoka jikoni ikasikika sauti ya mkewe, kavu kabisa.

"Nitasoma mimi."

Wote wawili wakageuka.

"Mbona mnanitolea macho? Kusoma najua. Fundi aandike, mimi nitasimama nisome, kisha nirudi nyumbani kwangu. Na wewe mdogo wangu kunywa hiyo chai, imepoa."

Wiki ile Fundi alifanya kazi kama kijana anayetaka kuposa. Kitabu cha karani wa posta kilikuwa chembamba. Kilihusu dada wawili waliorithi kiwanda kidogo cha mikate, wakagombana siku ya matanga ya mama yao, na kwa miaka kumi na mmoja wakafanya kazi jiko moja bila kusemezana. Walikuwa na ubao mweusi ukutani. Kila mmoja aliandika lake kwa chaki: unga umekwisha, funga dirisha, zamu yako kesho. Nakala ya Fundi ilikuwa na kurasa nane kichwa chini, basi alizisoma amekigeuza kitabu na hakupoteza kitu. Alijaza vipande kumi na vinne vya boksi kabla hajapata swali alilolitaka. Lilisema: *Tanuri lilikuwa la kuni au la umeme, na nani alikuwa anachota majivu?*

Lilikuwa swali zuri. Fupi, la kushikika. Jumamosi alilikabidhi kwa mkewe pale nyumbani, mkewe akalisoma, akamtazama muda kidogo, akalitia kwenye mkoba.

Dukani viti vyote vilikuwa vimejaa, na watu wengine wawili walikalia ngazi ya rafu. Fundi alipoingia watu walisimama. Walimshika mkono, wakampiga bega, wakasema pole baba, karibu baba, na wakampisha kwenye kiti chake cha zamani, mstari wa pili kando ya dirisha, na mkewe kiti cha pembeni yake. Mwalimu mstaafu alimwamkia mkewe kwa heshima zote, akamwambia amefurahi kumwona hapa. "Nimekuja mara moja tu," mkewe akamjibu, ili isije ikawa desturi.

Karani wa posta alikuwa amevaa blauzi iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Alikaa nyuma ya meza ndogo, na mikono yake ilikuwa inanyoosha karatasi zilizokwisha nyooka. Alisoma ile sehemu ya dada mdogo anavyofika asubuhi na kukuta ubao umeandikwa neno moja tu, chumvi. Mwanzoni hakusikika. Kisha akasikika. Kuelekea mwisho Fundi aliona watu wameacha kujikuna na kukohoa, akajua kitabu kimeshika. Binti akafika mwisho wa ukurasa, akasema "basi", na akaangalia chini.

"Haya jamani," Mama Vitabu akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejikaza. "Maswali?"

Ukimya ukafika. Uleule, haujabadilika hata kidogo. Watu wakaangalia viatu. Shingo ya binti ikaanza kuiva kutoka kwenye ukosi kwenda juu, na vidole vyake vikaenda kwenye karatasi kuzikusanya. Fundi akamgusa mkewe kiwiko.

Mkewe alisimama. Alifungua mkoba, akatoa kipande cha boksi, akavaa miwani. Alikisoma kimoyomoyo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ingawa alishakisoma. Kisha akakirudisha kwenye mkoba, akaufunga, na kifungo cha mkoba kikasikika duka zima.

Fundi alidhani mkewe ameingiwa na woga. Alinyoosha mkono kuuchukua mkoba, mkewe akausogeza upande wa pili.

"Mwanangu," alimwambia karani wa posta, "mume wangu amekuandikia swali zuri kuhusu tanuri. Atakuuliza mwenyewe siku nyingine. Mimi nina la kwangu."

"Ndiyo, mama," binti akasema.

"Kitabu chako nimekisoma. Nimekisoma mchana, mwenye nacho akiwa kazini." Hapa Fundi aliona kitambaa chake chekundu kinachotembea, akaona na miezi yote mitano mkewe amekaa peke yake na vitabu vibovu, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kumsimulia. "Nataka kuuliza kuhusu yule dada mdogo. Miaka kumi na mmoja mtu anakuandikia tu. Unga umekwisha. Funga dirisha. Asante. Na zamani huyohuyo mlikuwa mnazungumza naye mpaka mate yanakauka. Unasoma, unageuza nyuma uone kama kuna neno jingine, hakuna." Alivua miwani, akaishika. "Sasa yule mdogo alijuaje kama bado anapendwa? Hilo sikuliona mle ndani. Nimerudia mara mbili."

Kwenye kitabu ubaoni hapakuwahi kuandikwa asante. Fundi alikijua kitabu kile kama anavyoyajua makopo yake ya skrubu, na neno lile halikuwemo. Ndipo alipoelewa. Alitamani sakafu ya duka ifunguke immeze na kiti chake. Miezi mitano alikuwa amejifungia na uzuri wa sauti yake ya zamani kama mtu anayelinda nyumba tupu, na mke wake alikuwa nje mlangoni akigonga.

Karani wa posta aliziacha karatasi zake. Alikuwa amesahau kuogopa, kwa sababu ameulizwa kitu ambacho mtu anataka kweli kukijua.

"Mama, hakujua," alisema. "Nilipokuwa naandika nilitafuta njia ya kumfanya ajue. Nikamwekea dada mkubwa awe anawahi kuwasha tanuri ili mdogo akute jiko lina joto. Nikamwekea awe anambakishia mkate wa pembeni. Lakini kila nikisoma naona bado hajui. Mimi kwetu tulikuwa hivyo, na sikujua. Mtu anaweza kukufanyia yote hayo na wewe ukabaki unasubiri akuambie tu. Nadhani alikuwa anasubiri kuambiwa."

"Hata kwa sauti ya hasira?" mkewe Fundi akauliza.

"Kwa sauti yoyote, mama. Angepokea yoyote."

"Asante, mwanangu," akasema, na akakaa.

Nyuma yao mikono ilishaanza kupanda. Kulikuwa na mwanamke aliyetaka kujua kama ugomvi wa siku ya matanga ulitokea kweli, na mwalimu mstaafu naye, mnisamehe kwa niliyosema juu yake, alikuwa na swali, swali halisi, lenye maneno manane. Binti alicheka, akaketi vizuri, akamwelekea wa kwanza. Kazi ilikuwa imefanyika, tena na mtu ambaye hajawahi kuajiriwa.

Fundi hakusikia hata moja ya maswali hayo. Alikuwa anamwangalia mkewe kwa upande, shavu lake na uzi mmoja wa mvi uliotoroka kwenye mtandio. Alikuwa anaogopa kuliko alivyoogopa siku ya kisu cha daktari. Akapiga moyo konde. Akamwinamia sikioni, karibu kabisa, na akaufungua ule mnong'ono mbele ya mtu kwa mara ya kwanza, ulivyo, na upepo wake na mikwaruzo yake yote.

Mkewe hakushtuka. Aliinamisha kichwa taratibu, akamsogezea sikio, akafumba macho. Fundi akasema alichosema. Hakikuwa kirefu, ila alikisema kwa kupumzika katikati, mara mbili au tatu, na mkewe alimngoja kila alipopumzika. Mkono wake ulikwenda ukaushika wa Fundi juu ya goti, ukaubana.

Mama Vitabu aliwaona. Miaka tisa ya kazi si mchezo. Akajua Fundi ana swali la nyongeza, akainua mkono kuwatuliza wengine. Duka likanyamaza. Karani wa posta naye akawageukia, yuko tayari.

"Mama, tusaidie na sisi tusikie," Mama Vitabu akasema. "Fundi anauliza nini?"

Mkewe alifungua macho. Machozi yalikuwa yanateremka na hakuhangaika kuyafuta, wala mkono wa mumewe hakuuachia.

"Hajauliza kitu," alisema. "Amenijibu mimi."